Ya Kutazama Kutoka Kasese Hadi Hamukungu

Tukipata likizo tusidhani Kasese ni ya watalii wa kigeni peke yao. Mjini tutazame stesheni: reli ilifika mwaka 1956 ili kubeba shaba ya Kilembe. Katwe tutaona wachimba chumvi wakifanya kazi ndani ya maji makali ya ziwa. Hamukungu, kando ya Ziwa George, wavuvi na wafugaji wanaishi ndani ya mbuga ya Queen Elizabeth, iliyoanzishwa mwaka 1952. Huko simba hula ng'ombe. Mwaka 2018 simba 11 walikutwa wamekufa kwa sumu. Sheria huwatengea majirani wa mbuga asilimia 20 ya viingilio. Basi tulipe kiingilio, tununue samaki kwa wavuvi, na tuwasikilize wenyeji.