Ndege za majini zilizotafuta manusura Bahari ya Hindi, na somo kwa watumiaji wa Ziwa Nyasa

TUKUYU, RUNGWE – Wananchi wa Wilaya ya Rungwe wanaoteremka Kyela kwa shughuli za usafiri, uvuvi na biashara katika Ziwa Nyasa wanafahamu kwamba chombo kinapopata ajali, hatua ya kwanza ya uokoaji ni kujua kilipo. Ukweli huo ulidhihirika kwa gharama kubwa katika Bahari ya Hindi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, pale Dar es Salaam ilipokuwa kituo cha ndege za kijeshi za majini.

Ndege ya majini ina kiwiliwili chenye umbo la boti, hivyo huruka na kutua juu ya maji bila kuhitaji uwanja. Matumizi yake ya kijeshi nchini yalianza Novemba 1914, rubani Dennis Cutler aliporuka kutoka Kisiwa cha Nyororo, karibu na Mafia, na kuiona manowari ya Kijerumani Königsberg ikiwa imejificha katika delta ya Rufiji. Mwaka 1937, ndege za abiria za aina hiyo zilianza kutua Dar es Salaam na Lindi zikiwa safarini kati ya Uingereza na Durban.

Kikosi cha 259

Februari 1943, Jeshi la Anga la Uingereza lilianzisha Kikosi cha 259 huko Kipevu, Mombasa, kikitumia ndege aina ya Catalina kutoka Marekani. Septemba mwaka huo kikosi kilihamia Dar es Salaam. Kazi zake zilikuwa kusindikiza misafara ya meli, kusaka nyambizi na kutafuta manusura wa meli zilizozamishwa. Agosti 20, 1943, Catalina za vikosi vya 259 na 265 ziliizamisha nyambizi ya Kijerumani U-197 kusini mwa Madagascar.

Hatari hiyo iliwagusa Waafrika moja kwa moja, kwa kuwa askari wa Afrika Mashariki walivushwa kwa meli kwenda kupigana Asia. Februari 12, 1944, meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kuelekea Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani na kuzama kwa takriban dakika 2. Watu 1,297 walipoteza maisha, wengi wao wakiwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Walionusurika waliokolewa na manowari zilizokuwa katika msafara huohuo. Meli iliyosafiri peke yake haikuwa na msaada wa karibu namna hiyo. Tumaini la mabaharia wake lilikuwa kuonekana kutoka angani.

Catalina ilifaa kwa kazi hiyo kwa sababu iliweza kukaa angani kwa zaidi ya saa 20. Madirisha yake makubwa ya vioo vilivyobinuka pembeni yaliwapa walinzi nafasi ya kuona mbali na, bahari ilipokuwa tulivu, kuwavuta manusura ndani. Katika Bahari ya Pasifiki, Agosti 2, 1945, ndege moja ya Catalina ilitua kwenye mawimbi na kuwapandisha mabaharia 56 wa meli ya Marekani Indianapolis. Wengine walilazwa juu ya mabawa.

Kikosi cha 259 kilivunjwa Dar es Salaam Aprili 30, 1945. Baada ya vita, viwanja vingi vya ndege pamoja na helikopta vilipunguza uhitaji wa ndege za majini, ingawa Japani bado inatumia ndege ya US-2 kwa uokoaji baharini.

Wajibu wa sasa

Hapa nchini, usalama wa vyombo vya majini unasimamiwa na Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), ambalo pia huratibu utafutaji na uokoaji. Hata hivyo, utafutaji hauwezi kuanza iwapo hakuna anayejua kwamba chombo hakijafika.

Kwa sababu hiyo, wasafiri na wavuvi wa Ziwa Nyasa wanahimizwa kufuatilia taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, kuvaa jaketi okozi, na kumwachia mtu aliye nchi kavu taarifa za idadi ya waliomo, njia watakayopita na saa ya kurejea.