Nguva wa Hadithi na Nguva wa Kweli

Katika pwani ya Kwale, tangu Diani mpaka Msambweni na Vanga, jina la nguva lina maana mbili. Wasimulizi hulitumia kwa kiumbe ambaye nusu yake ni mwanamke na nusu yake ni samaki. Wavuvi hulitumia kwa mnyama wa kweli wa baharini.

Hadithi za viumbe vya namna hii ni za kale sana. Wayunani walisimulia habari za Sirena, walioimba kwa sauti tamu wakawavuta mabaharia mpaka wakaangamia. Katika utenzi wa Homer, Odysseus aliwaziba mabaharia wake masikio kwa nta, naye mwenyewe akafungwa mlingotini. Wachoraji wa Kiyunani waliwachora Sirena kama ndege wenye vichwa vya wanawake, na Ovid, mshairi wa Kirumi, aliwaeleza kuwa na mabawa na nyuso za wanawali. Karne nyingi baadaye, waandishi wa Ulaya waliwavua mabawa wakawapa mkia wa samaki.

Mnamo 1811, mtaalamu Mjerumani Johann Illiger aliipa jamii ya nguva jina la Sirenia, kwa kuwakumbuka Sirena hao.

Nguva wa kweli haimbi. Hula majani ya baharini yaotayo katika maji ya kina kifupi, kama yaliyoko katika ghuba ya Gazi, na huibuka juu kuvuta pumzi. Huzaa mtoto mmoja baada ya mimba ya miezi 13 hivi, akamnyonyesha kwa matiti yaliyo karibu na makwapa. Huenda matiti hayo ndiyo yaliyowafanya watu wamfananishe na mwanamke.

Uzazi wake wa pole pole ndio unaomponza. Jike huweza kukaa miaka mitatu hata saba kabla ya kuzaa tena. Akinaswa katika jarife hufa upesi kwa kukosa pumzi, na pengo lake halizibiki mapema. Mwaka 2022 Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Maumbile lilitangaza kwamba nguva wakomavu wa Afrika Mashariki hawafiki 250. Kundi kubwa lililosalia liko Bazaruto, Msumbiji.

Mvuvi amkutaye nguva yu hai wavuni, heri akate nyuzi amwachilie. Wavu hushonwa kwa siku chache, lakini mtoto wa nguva hungojewa kwa miaka.