Kutu uvunguni mwa gari: Kabla ya kupaka lami, piga hesabu

Pikapu ikikatika chesisi kati ya Rulenge na Ngara mjini siku ya gulio, hasara haianzii kwa fundi wa kuchomelea. Inaanzia kwenye mikungu ya ndizi inayoivia juu ya gari, na kwa mteja wa Kahama anayechoka kungoja maharage akaamua kununua kwa mwingine. Abiria waliokaa juu ya mzigo wakitoka salama, mwenye gari ashukuru Mungu.

Hata hivyo, wapo wenye magari wengi katika wilaya za Ngara na Biharamulo wanaoamini kwamba kutu ni tatizo la watu wa Tanga na Dar es Salaam, wanaokaa na bahari. Huku bara, wanasema, hakuna chumvi.

Chumvi ipo, na mara nyingi inakuja na gari lenyewe. Magari mengi tunayonunua yametumika Japani. Sehemu za kaskazini ya nchi hiyo, kama Hokkaido, barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi ili kuyeyusha theluji. Gari lililotembea huko miaka minane linafika Rusumo au Nyakanazi likiwa linang'aa juu, wakati chini limeshaanza kuliwa.

Anayeagiza gari kupitia wakala adai karatasi ya ukaguzi ya mnada wa Japani. Kwenye mchoro wa gari, herufi S inaonyesha kutu na herufi C inaonyesha chuma kilicholika. Ukikuta C uvunguni, tafuta gari jingine.

Kisha kuna chumvi tunayoipakia wenyewe. Mbolea za SA na CAN, ambazo wakulima wenyewe huziita mbolea ya chumvichumvi, huvuta unyevu na kula chuma haraka mfuko ukipasuka. Maji ya samaki na magunia ya chumvi ya Uvinza hufanya kazi hiyo hiyo. Ongeza tope la barabara za vijijini, linaloshika kwenye pembe za chesisi na kukaa na unyevu wiki nzima wakati wa masika.

Sasa tuje kwenye dawa. Iliyozoeleka gereji ni ile nyeusi ya lami, inayopulizwa au kupakwa kwa brashi ikakauka kuwa ngozi ngumu. Inapendeza macho, inapunguza kelele na inazuia kokoto. Ikipakwa juu ya chuma kipya, kisafi na kilichotangulizwa rangi nyekundu ya kuzuia kutu, ni kinga nzuri.

Tatizo ni kwamba magari yetu si mapya. Lami ikipakwa juu ya kutu, unyevu unabaki ndani. Baada ya msimu mmoja au miwili ngozi hiyo hupasuka kwa kokoto, maji yakaingia nyuma yake yasitoke tena. Kutu inaendelea kula huku mwenye gari akiona weusi mzuri kila anapochungulia. Ndiyo sababu gari la mtumba lililopakwa lami mbichi wiki moja kabla ya kuuzwa linanitia mashaka kuliko lenye kutu ya wazi. Ligonge kwa nyundo ndogo: chuma kizima hulia, kilicholika hutoa sauti ya debe bovu.

Dawa ya pili ni oili chafu, ambayo haina gharama na kila gereji inayo. Siipendekezi. Oili iliyotoka kwenye injini imebeba tindikali na masizi, inalainisha mipira ya bushi na kuiharibu, na ni hatari kwa ngozi ya anayeipaka. Pia inadondoka. Gari hilo hilo jioni linaegeshwa kwenye uwanja unapoanikwa kahawa, na kahawa hushika harufu upesi.

Dawa ya tatu ni ya nta na mafuta (si nta ya nyuki, ni ya mafuta ya petroli), ambayo haikauki kabisa. Inatambaa hadi kwenye maungio, na ikikwaruzwa na jiwe hujirudia yenyewe kwa kiasi. Kasoro yake ni kwamba inachukuliwa na maji na tope, kwa hiyo lazima irudiwe kila mwaka. Asiyeipata anaweza kutumia grisi mpya iliyolainishwa kwa oili safi, ingawa inanasa vumbi.

Hapo ndipo wengi wanaposhindwa, kwa sababu neno "kila mwaka" linasikika ghali. Tupige hesabu ya mfano. Bei weka zako. Tuseme lami ni Sh120,000 na inakaa miaka mitatu, yaani Sh40,000 kwa mwaka. Nta ni Sh50,000 kila mwaka. Kwa haraka, lami imeshinda kwa Sh10,000. Lakini ikiwa lami imeficha kutu na mwaka wa tatu ukalipa Sh400,000 kuchomelea chesisi, na gari likalala siku tano ambazo kila moja ingekuingizia Sh40,000, umetumia Sh720,000 kwa miaka mitatu. Mwenzako wa nta ametumia Sh150,000.

Kwa pikapu kuna jambo la ziada. Chesisi nyingi za pikapu ni kama bomba la pembe nne, na kutu huanzia ndani pasipofikiwa na brashi. Si tatizo la magari ya maskini tu. Mwaka 2016 Toyota ilikubali kumaliza kesi nchini Marekani kuhusu chesisi zilizolika kwa kutu, za Tacoma, Tundra na Sequoia zipatazo milioni 1.5, kwa gharama iliyokadiriwa kufikia dola bilioni 3.4, bila kukiri kosa. Kwa hiyo fundi apulize dawa ndani kwa mpira mrefu kupitia matundu ya chesisi. Asiye na mpira huo anakupakia nusu ya kazi.

Ushauri wangu kwa gari la mtumba: nta au mafuta ndani ya chesisi na uvungu wote, lami kwenye matao ya magurudumu tu, mahali kokoto zinapopiga, na hapo pia baada ya kukwangua kutu na kupaka rangi nyekundu. Paliporudishiwa bati jipya, vivyo hivyo. Hiace na Noah hazina chesisi ya kujitegemea, hivyo sakafu na kingo za chini ya milango ndizo za kuangaliwa kwanza.

Wakati mzuri ni Julai na Agosti, mvua zimekata na fedha za maharage zipo mkononi. Gari lioshwe chini kwa maji ya nguvu, mbali na mto, likauke siku mbili juani. Fundi azibue matundu ya kutolea maji kabla na baada ya kupaka, na asiguse ekzosi, breki wala mipira. Mkimaliza, mwambie azungushe kila gurudumu mbele yako, kisha jaribu breki taratibu kabla ya kupakia mzigo wa kwanza.