Saa 18, risasi tano: soko la mafunzo ya bastola Marekani

Tarehe 23 Juni 2022 Mahakama ya Juu ya Marekani ilifuta sharti la jimbo la New York, lililodumu zaidi ya karne moja, la kumtaka mwombaji wa leseni ya kutembea na bastola iliyofichwa athibitishe kuwa ana haja kubwa zaidi ya kujilinda kuliko raia wengine. Jimbo halikukaa kimya. Kufikia tarehe 1 Septemba mwaka huohuo sheria mpya ilikuwa imeanza kazi: anayetaka leseni akae darasani saa 16, kisha saa 2 kwenye uwanja wa shabaha. California nayo iliweka saa 16 kuanzia Januari 2024, na Illinois ilikuwa na saa hizohizo tangu 2013. Kwingineko mambo yalikwenda kinyume. Texas iliondoa ulazima wa leseni mwaka 2021, Florida 2023, South Carolina na Louisiana 2024, na idadi ya majimbo yanayomruhusu mtu mzima asiye na kizuizi cha kisheria kubeba bastola bila leseni ikafika 29. Kwa wakufunzi, hayo yamezaa masoko mawili: katika moja sheria inamleta mteja hadi mlangoni, katika la pili anakuja kwa hiari au haji kabisa. Kote kuwili bidhaa inayouzwa zaidi ni cheti, na cheti mara nyingi kinathibitisha tu kwamba mtu alihudhuria. Darasa linalostahili fedha za mtu hutambuliwa kwa kile linachopima, na kwa kile linachofundisha kuhusu siku zote ambazo bastola haifyatuliwi. Wingi wa saa na ukubwa wa ada havisemi mengi.

Tuanze na kipimo. Baada ya saa zote 18 za New York, kiwango cha chini cha mtihani wa kulenga ni risasi tano, mtu akiwa amesimama yadi nne kutoka kwenye karatasi ya shabaha. Nne zikipata, amefaulu. Mtihani wa leseni ya Texas, ambayo wengi bado wanaitafuta kwa kuwa majimbo mengine mengi huitambua, unaonekana mzito zaidi: risasi 50, yaani 20 kwa yadi 3, 20 kwa yadi 7 na 10 kwa yadi 15, kila moja ikibeba alama zisizozidi 5. Ili kufaulu mtu anahitaji 175 kati ya 250. Tukipiga hesabu, mtu aliyepata alama zote katika yadi 3 na 7 tayari ana 200, kwa hiyo anaweza kukosa risasi zote kumi za mwisho na bado akapewa cheti. Linganisha na hali halisi. Taasisi ya utafiti ya RAND, katika ripoti yake ya 2008 kuhusu polisi wa jiji la New York, ilikuta kwamba katika matukio ya kurushiana risasi kati ya 1998 na 2006 askari walipata shabaha kwa takriban asilimia 18 tu. Hao ni watu waliofunzwa kwa mshahara na wanaopimwa mara kwa mara. Risasi iliyokosa huendelea hadi ikutane na kitu, na mjini kitu hicho huweza kuwa ukuta wa chumba cha mtoto wa jirani. Kwa sababu hiyo swali la kwanza kwa mkufunzi lisiwe darasa lina saa ngapi. Liwe hili: je, mwanafunzi atachomoa bastola kutoka chini ya nguo zake, kwa saa ya kuhesabu sekunde, na kuna anayefeli? Darasa ambalo hakuna anayefeli halijapima chochote.

Soko lenyewe limejipanga kwa namna inayomchanganya mnunuzi. Chini kabisa kuna darasa la jioni moja linalokidhi masharti ya jimbo na si zaidi. Leseni ya Utah, inayotambuliwa na majimbo zaidi ya 30 na isiyomdai mwombaji afyatue hata risasi moja, imezaa biashara ya madarasa hayo hata nje ya Utah. Virginia iliruhusu mafunzo kwa intaneti hadi mwisho wa 2020, ikaona kwamba mtu alikuwa akipata cheti bila kushika bastola, ikayakataa kuanzia Januari 2021. Juu kabisa zipo shule kama Gunsite ya Paulden, Arizona, iliyoanzishwa na Jeff Cooper mwaka 1976, ambako kozi ya msingi ya bastola huchukua siku tano na risasi zipatazo 1,000. Katikati wapo wakufunzi wanaozunguka mji hadi mji, wakikodi uwanja kwa siku mbili za Jumamosi na Jumapili. Kwa maoni yangu hapo katikati ndipo mnunuzi wa kawaida anapata thamani kubwa zaidi, maana jina la mkufunzi ndiyo mali yake yote na mwanafunzi aliyechukizwa hufukuza wateja wa mji mzima. Ukubwa wa shule haukingi kitu. Front Sight ya Nevada iliuza uanachama wa maisha kwa miaka mingi, na Mei 2022 ikaomba ulinzi wa mahakama ya ufilisi, wanachama wake wakabaki kudai haki zao mbele ya hakimu. Katika biashara hii anayelipia mafunzo ya miaka ijayo anamkopesha mkufunzi.

Sehemu ya pili ya thamani haionekani uwanjani, na ndiyo inayorukwa zaidi. Massad Ayoob, aliyeanza kufundisha raia kwa utaratibu mwaka 1981, alijijengea jina kwa kuweka sheria na matumizi ya bastola katika kozi moja, na kozi yake ya saa 40 ingali hivyo. Alikuwa sahihi. Mtu anayebeba bastola kwa miaka 20 huenda asiielekeze kwa mtu hata mara moja, lakini atasimamishwa na polisi barabarani, ataingia jengo lisiloruhusu silaha, atavuka mpaka wa jimbo, na kila usiku atailaza nyumbani penye watoto, wageni na huzuni za kibinadamu. Michigan inamtaka amwambie askari papo hapo kwamba ana bastola. Minnesota inamtaka aonyeshe leseni anapoulizwa. Ilikuwa Minnesota, Julai 2016, ambako Philando Castile, mtu mweusi mwenye leseni halali, alimjulisha askari kwamba ana silaha na akapigwa risasi sekunde chache baadaye, ndani ya gari, mbele ya mchumba wake na mtoto mdogo. Askari aliachiwa huru na baraza la mahakama mwaka uliofuata. Hakuna darasa linaloweza kuahidi kuzuia jambo kama hilo. Hata hivyo, mkufunzi asiyewafanyisha wanafunzi mazoezi ya mahali pa kuweka mikono na maneno ya kutamka kwa utulivu hajui wanafunzi wake wanaishi wapi. Hata kuhusu huzuni za nyumbani, takwimu za serikali ya Marekani zinatosha: mwaka 2021 watu 48,830 walikufa kwa bunduki na bastola, na 26,328 kati yao walijiua. Darasa lisilotaja sanduku la kufungia silaha, wala kueleza ni lini ikabidhiwe kwa ndugu nje ya nyumba, limeacha hatari iliyo kubwa kuliko mwizi.

Kuna pingamizi za haki. Wengine husema masharti haya yanamfungia nje mtu maskini wa mtaa wenye uhalifu, yule hasa mwenye sababu ya kuogopa. Ni kweli kwamba saa 18 pamoja na ada zinaweza kula mamia ya dola na mishahara ya siku mbili. Lakini jibu lake ni kupunguza saa za kukaa na kuongeza kipimo: siku moja yenye mtihani mkali, sheria na mazoezi ya kukutana na polisi ni nafuu kuliko wikiendi mbili za kutazama video. Wengine wanakumbusha kwamba raia wengi wamejiokoa bila kufundishwa na yeyote, na kwamba ushahidi wa mafunzo kupunguza vifo ni haba. Nakubali uhaba huo. Unaonyesha kwamba mafunzo yanayouzwa leo hayafundishi kuhusu mambo yanayoua. Uchunguzi wa kitaifa uliochapishwa 2017 ulikuta kwamba kati ya wamiliki waliopata mafunzo rasmi, chini ya mmoja kati ya watano aliambiwa lolote kuhusu kuzuia kujiua. Na aliyewahi kuwa askari jeshini, akidhani hana la kujifunza, akumbuke kwamba jeshi lilimpa amri ya lini afyatue. Mtaani ataamua peke yake na kujieleza kortini peke yake.

Kwa wasomaji wetu wanaoishi Marekani kuna jambo ambalo mkufunzi wa kawaida halifikirii. Sheria ya shirikisho inamruhusu mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu kumiliki silaha, lakini kwa jumla inamkataza aliye na viza ya muda, kwa mfano ya masomo, isipokuwa kwa nafasi chache zilizotajwa, na inamkataza kabisa asiye na hati. Adhabu hufika miaka 15. Zaidi ya hapo, hukumu ya kosa la silaha inaweza kumfukuzisha nchini hata mkaazi wa kudumu. Anayetoka Minneapolis na bastola kiunoni akaenda kuwaona jamaa Chicago anaingia Illinois, ambako leseni ya Minnesota haimruhusu kuibeba mwilini. Kabla ya kulipa ada, mtake mkufunzi akupe ratiba ya maandishi ya siku nzima, na umuulize swali hilo moja la Chicago. Asipolijua jibu, tafuta mwingine, na kwa mambo ya uhamiaji mwone wakili kabla hujanunua bastola yenyewe.