Mnyweshaji Hafundishwi Kubeba Chupa Tu

Majuzi nilitembelewa na kijana niliyemfundisha Kiswahili katika shule ya upili. Baada ya shule alisomea huduma za hoteli, na sasa ni mhudumu wa meza katika hoteli moja ya kitalii karibu na Mombasa. Alikuja na huzuni. Usiku mmoja mgeni wake aliagiza chupa ya mvinyo mwekundu. Kijana aliitoa rafuni, akaifungua kwa adabu zote na kuimimina. Mgeni alipoonja, alisema mvinyo ule ulikuwa na joto kama chai, akakataa kuulipia. Mwisho wa mwezi bei ya chupa ilikatwa katika mshahara wa kijana.

"Mwalimu," aliniuliza, "kosa langu ni lipi? Chuoni tuliandikishwa kwamba mvinyo mweupe hutolewa ukiwa baridi, na mwekundu hutolewa kwa joto la chumba."

Mimi mwenyewe, kabla ya kushika chaki, nilihudumu hotelini kwa miaka minne, na swali hilo lilinichoma. Kanuni aliyoikariri si ya uongo. Ila ilizaliwa Ulaya, katika nyumba za mawe za zamani, ambamo joto la chumba lilikuwa nyuzijoto 16 hadi 18 hivi. Chumba cha Mombasa huweza kufika 30. Katika joto hilo kileo hupanda puani na kuifunika harufu ya tunda. Laiti angalielezwa sababu, angaliitia chupa ile katika ndoo ya maji na barafu kwa robo saa, na mgeni angalishukuru. Alifundishwa maneno, hakufundishwa maana. Na wahenga walisema, asiyejua maana haambiwi maana.

Tazama pia desturi ya kumwonjesha aliyeagiza. Wahudumu wengi hudhani kwamba mgeni anaulizwa kama amependezwa. Hasha! Anapewa nafasi ya kutambua kama mvinyo umeharibika. Kizibo cha gome la mti huweza kuuambukiza mvinyo harufu ya kuvu, mfano wa kadibodi iliyolowa. Kemikali inayoleta harufu hiyo ilitambuliwa na watafiti wa Uswisi katika miaka ya 1980. Mhudumu anayelijua hilo hamkasirikii mgeni anayerudisha chupa. Hunusa mwenyewe, akaomba radhi, akaleta nyingine. Asiyejua hubishana, na hoteli hupoteza mgeni.

Hali kadhalika, bilauri haijazwi hadi ukingoni. Hutiwa kiasi cha thuluthi moja ili harufu ipate mahali pa kukusanyika. Kizibuo hakipenyezwi hadi chini ya kizibo, kwa kuwa vipande vyake vitaanguka ndani. Mgeni huonyeshwa kibandiko kabla ya chupa kufunguliwa, ahakikishe jina na mwaka, kwani chupa ikishazibuliwa haiwezi kurudi rafuni. Kila tendo lina sababu yake.

Wanafunzi wetu hawaanzi bila chochote. Mtoto wa pwani aliyekula bibo anaujua ukakasi unaokausha ulimi. Ndio huohuo unaotoka katika maganda na kokwa za zabibu nyekundu. Anaujua uchachu wa ukwaju, na ameona jinsi tembo la mnazi, lililogemwa tamu asubuhi, linavyokuwa kali jioni. Hamira ndiyo inayokula sukari na kuacha kileo, katika tembo na katika mvinyo vilevile. Mwalimu wa jiografia naye ana sehemu yake: mzabibu wa Ulaya hulala wakati wa baridi na kuzaa mara moja kwa mwaka, lakini Dodoma, Tanzania, ambako hakuna baridi ya namna hiyo, zabibu huweza kuvunwa mara mbili.

Wala mtu asiseme kwamba elimu hii ni ya Wazungu peke yao. Mwaka 2017 Wazimbabwe wanne, waliokuwa wameikimbia dhiki ya nchi yao na kupata kazi katika mikahawa ya Afrika Kusini, waliiwakilisha Zimbabwe katika mashindano ya dunia ya kuonja na kutambua mvinyo huko Burgundy, Ufaransa. Hawakuzaliwa katika mashamba ya mizabibu, walijifunza.

Najua wako watakaouliza: je, Mwalimu, unawafundisha vijana wetu ulevi? La. Waonjaji stadi hutema wanachoonja, maana aliyelewa hawezi kupambanua ladha. Mwanafunzi ambaye dini yake inamkataza asilazimishwe kuonja. Kuna mengi ya kujifunza kwa kusoma, kunusa na kutazama. Isitoshe, mnyweshaji aliyefunzwa vyema ndiye anayejua wakati wa kukataa kumimina. Sheria yetu ya mwaka 2010 inaharamisha kumuuzia pombe aliye chini ya umri wa miaka 18.

Nimelitumia neno mnyweshaji kwa makusudi. Tunalo katika Biblia ya Kiswahili: Nehemia alikuwa mnyweshaji wa mfalme wa Uajemi, mtu aliyekabidhiwa uhai wa bwana wake. Ni kazi ya uaminifu na maarifa. Mjini London, mtihani wa kwanza wa wanyweshaji mabingwa ulifanywa mwaka 1969, na hadi leo wanaoufaulu ni wachache. Kwa nini sisi tuifanye kazi ya kubeba sinia?

Wakufunzi wa vyuo vya hoteli, nawasihi: kila mnapoandika kanuni ubaoni, andikeni na sababu yake. Nanyi wanafunzi, ulizeni, kwani kuuliza si ujinga. Kijana wangu alilipa chupa nzima kwa ajili ya sababu moja ambayo hakuambiwa. Karo aliyoitoa ilikuwa imekwisha kuilipia.