Toni ya neno katika jazi ya sauti chache

Kwetu Kasongo ukitaja neno jazz, wazee hukumbuka African Jazz ya Grand Kallé, iliyoanzishwa 1953, au OK Jazz ya 1956. Lakini bendi hizo zilipiga rumba. Jazi ninayotaka kueleza hapa ni nyingine: ya watu watatu au wanne ndani ya chumba, yaani mwimbaji, piano, saksofoni na vibrafoni, bila ngoma.

Vibrafoni ni ndugu ya marimba. Vibao vyake ni vya chuma, na chini ya kila kibao kuna mrija. Mota huzungusha visahani kwenye midomo ya mirija, na sauti hutetemeka. Mpigaji hukanyaga pedali ili sauti iendelee, huiachia ili ikatike. Mulatu Astatke wa Ethiopia ni bingwa wa chombo hiki. Chick Corea na Gary Burton walionyesha katika *Crystal Silence*, iliyotoka 1973, kwamba piano na vibrafoni peke yake vinatosha kubeba albamu nzima.

Sisi wanafunzi wa lugha tunahusikaje? Katika bendi kubwa, magitaa na ngoma hufunika neno. Katika muziki huu neno linabaki uchi. Anayeimba Kiswahili hana shida sana: lugha yetu hiyo haina toni, ina mkazo tu kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Mtunzi anaweza kupandisha au kushusha sauti bila kubadili maana.

Kibangubangu cha Kabambare, ambacho A. E. Meeussen alikieleza katika kitabu cha 1954, ni lugha ya toni. Katika lugha za namna hiyo, toni ikibadilika neno laweza kuwa jingine. Mfano unaojulikana ni wa Walokele, karibu na Kisangani: *lisaka* ni dimbwi, ahadi au sumu, kutegemea toni.

Nilijifunza hilo kwa aibu. Nilitunga ubeti wa Kingwana, nikautafsiri kwa Kibangubangu, nikauimba kwa melodia ileile. Mama mkubwa alisikiliza, akacheka, kisha akasema: «Mtoto wangu, maneno ni yetu, lakini umeyavalisha nguo za watu wengine.»

Basi nilianza upya. Nilimwomba aseme kila mstari polepole, nami nikaupiga mluzi, juu na chini, bila maneno. Mluzi huo ndio uliokuwa melodia. Kwa kuwa sina vibrafoni, nilitumia kinanda cha umeme chenye sauti yake, nikagundua jambo la pili: nikishikilia pedali, toni ya chini inaendelea kulia chini ya toni ya juu inayofuata, na sikio linachanganyikiwa. Sasa naiachia pedali kila mwisho wa neno. Piano na saksofoni hungoja neno liishe, ndipo vijibu.

Nyumbani kwetu, wadogo zangu huongea Kingwana na Kifaransa. Kibangubangu wanakisikia tu. Kitabu kitawapa maneno, lakini toni hupita mdomoni hadi sikioni. Wimbo wa sauti chache unaweza kuwapitishia.

Mpaka leo tuna mistari minne. Wa tano, mama mkubwa bado amekataa.