Barafu Itoayo Eksirei (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliishia Desemba 12, 1970, Kenya ikiadhimisha uhuru wake, siku setilaiti iliyopewa jina la Uhuru iliporushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ilikuwa ya kwanza kutengwa kwa kazi ya eksirei za angani tu, ikaorodhesha vyanzo 339. Vingi vilikuwa gesi yenye joto la mamilioni ya digrii, na wanafalaki wakazoea kwamba penye eksirei pana moto. Machi 1996 setilaiti ya ROSAT, ya Ujerumani na washirika wake, ikaelekezwa kwenye kometi Hyakutake, yaani bonge la barafu na vumbi, ikakuta eksirei takriban mara 100 ya zilizokadiriwa.

Nasema moto upo, ila si wa kometi. Katika angahewa ya nje ya Jua, ambako joto hupita digrii milioni moja, atomu ya oksijeni hunyang'anywa elektroni 6, 7 au zote 8, kisha ioni hiyo ikachukuliwa na upepo wa Jua kwa kasi ya kilometa 400 hivi kwa sekunde. Thomas Cravens wa Marekani alieleza mwaka 1997 kwamba ioni hizo, zikifika kwenye mvuke wa kometi, hunasa elektroni za molekuli za maji. Wala hazihitaji kugusana: kiini kitupu cha oksijeni huweza kuvuta elektroni ya haidrojeni kikiwa mbali, takriban mara 13 ya nusu kipenyo cha atomu hiyo. Elektroni hutua ngazi ya juu, ya tano hivi, na ikiporomoka hadi chini nishati hutoka kama eksirei. Avuaye dagaa ziwani huko Katonga kwa taa ya sola hapati taabu kulielewa hili: karabai huangaza kwa kuwa inawaka, ilhali taa yake hutumia nguvu ya Jua iliyowekwa tangu mchana.

Atakayepinga atasema ioni hizo nzito ni chache mno, kama moja tu katika kila chembe elfu za upepo huo. Kweli, lakini mvuke wa kometi hutanda mamia ya maelfu ya kilometa, na ioni moja hunasa elektroni mara kadhaa, moja baada ya nyingine. Wengine walidai ni elektroni za upepo zinazopunguzwa mwendo na gesi. Pingamizi hilo lilikuwa zito zaidi, na jibu lake lilitoka Julai 2000: elektroni za namna hiyo zingetoa eksirei za nishati zote mfululizo, lakini setilaiti ya Chandra, ilipopima kometi LINEAR, iliona nishati mahususi za oksijeni na naitrojeni zilizonasa elektroni. Kwangu hapo kesi imekwisha. Haidrojeni iliyoizunguka Dunia nayo hutoa elektroni zake kwa ioni hizohizo, kwa hiyo sehemu ya eksirei zilizohesabiwa kuwa za gesi ya moto ya mbali haina budi kuondolewa kwenye hesabu hiyo.